Mtihani rasmi kwa mtoto anayesomea nyumbani: mwongozo kwa wazazi wa Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Wazazi wengi wanaofundisha watoto wao nyumbani huanza na vitabu. Hununua mtaala, hupanga ratiba, humtafuta mwalimu wa hisabati, kisha mtoto anapofika miaka kumi na mitano ndipo wanauliza: mtihani ataufanyia wapi? Hapo mambo hukwama. Huku kwetu, kutoka Nakuru kupita Kericho hadi Kisumu, Kakamega na Busia, vitabu vinapatikana na mwalimu mzuri hakosekani. Kilicho adimu ni kituo cha mtihani kitakachokubali kumsajili mtoto ambaye si mwanafunzi wake. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia chumba cha mtihani na kurudi nyuma hadi kitabuni.

Kabla ya yote: sheria

Wapo wazazi wanaoambiwa kwamba kumfundisha mtoto nyumbani hakuna utata wowote kisheria. Utata upo. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto ameandikishwa na anahudhuria shule, na inaweka adhabu ya faini au kifungo kwa anayekiuka bila sababu. Kuna wazazi waliokwenda Mahakama Kuu wakitaka elimu ya nyumbani itambuliwe, na ombi lao likakataliwa.

Bodi ya mtihani ya ng'ambo haitakuuliza mtoto alisomea wapi. Afisa wa elimu wa kaunti ndogo au afisa wa watoto anaweza kukuuliza. Kwa hiyo ongea na wakili mapema, siku moja tu ya ushauri inatosha, na ufikirie kumwandikisha mtoto katika taasisi iliyosajiliwa hata kama sehemu kubwa ya masomo itaendelea nyumbani. Weka pia kumbukumbu: madaftari yenye tarehe, majaribio yaliyosahihishwa, orodha ya vitabu. Kumbukumbu hizo zitakufaa tena utakapozungumza na kituo cha mtihani.

Hatua ya kwanza: jua milango iliyo wazi na inayofungwa

KCSE ndio mtihani unaokuja akilini kwanza. Kwa miaka mingi mtahiniwa wa kibinafsi alikwenda afisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, akasajiliwa, akapangiwa kituo. Lakini kundi la mwisho la 8-4-4 lilifanya KCPE mwaka 2023, nalo litafanya KCSE mwaka 2027. Ikiwa mtoto wako ana matokeo ya KCPE na anaweza kuwa tayari kabla ya hapo, nenda afisi ya elimu ya kaunti ndogo yako mwezi Januari, maana dirisha la usajili wa Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, hufunguliwa mapema mwaka na halisubiri mtu. Ikiwa hana KCPE ila ana cheti cha mfumo wa nje, cheti hicho kitahitaji kwanza kulinganishwa na cha Kenya, na barua ya ulinganisho huchukua muda wake. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni lazima. Epuka masomo yenye mradi wa mwaka mzima kama Kilimo na Kompyuta, kwa sababu mradi unahitaji mwalimu wa kituo aufuatilie hatua kwa hatua.

Mtaala wa umilisi (CBC), uliochukua nafasi ya 8-4-4, ni mgumu zaidi kwa mtoto wa nyumbani, na sababu iko kwenye hesabu ya alama. Matokeo ya Gredi ya 9, yaani KJSEA, hayatokani na mtihani wa mwisho peke yake. Mtihani huo unachangia asilimia 60. Asilimia 20 hutoka KPSEA ya Gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine hutoka tathmini zilizofanyiwa shuleni Gredi ya 7 na ya 8. Tathmini hizo huingizwa na mwalimu katika mtandao wa KNEC kupitia shule iliyosajiliwa. Mtoto asiye na shule hana alama hizo. Kwa hiyo mzazi anayetaka mwanawe aingie sekondari ya juu ya serikali, kwa mkondo wa sayansi, sayansi za jamii au sanaa na michezo, asingoje Gredi ya 9 ndipo akatafute shule ya kumsajili. Amrudishe shuleni mapema, angalau kabla ya Gredi ya 6. Nasema hivi nikijua kwamba wengine hawatapenda kulisikia, lakini nimeona familia zikipoteza mwaka mzima kwa matumaini kwamba njia ya pembeni itapatikana.

Kwa walio Busia na Malaba, wazo la kuvuka mpaka huja haraka. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, hutaka mtahiniwa wa UCE (mtihani wa sekondari) awe na matokeo ya PLE (mtihani wa mwisho wa msingi) au yanayolingana nayo, na tangu mtaala mpya ulipoanza kutahiniwa mwaka 2024, sehemu ya alama za UCE hutoka kwenye kazi za darasani. Ukiondoa umbali, ni kikwazo kilekile.

Ndiyo maana familia nyingi za elimu ya nyumbani huishia kwenye mitihani ya Uingereza: IGCSE ya bodi ya Cambridge, au International GCSE ya bodi ya Pearson Edexcel, ambayo ni ya ngazi ya sekondari, kisha A Level, ngazi inayofuata kabla ya chuo kikuu. Mitihani hii inampokea mtahiniwa wa kibinafsi, mradi asajiliwe kupitia kituo kilichoidhinishwa. Wewe mwenyewe huwezi kumwandikia Cambridge ukalipa ukasajiliwa. Ni lazima kituo kikubali.

SAT ya Marekani ni tofauti: mtoto hujisajili mwenyewe mtandaoni, na tangu Machi 2023 watahiniwa walio nje ya Marekani hufanya mtihani huo kwa kompyuta. Inasaidia kwa maombi ya vyuo vya Marekani. Usiitegemee peke yake kwa chuo kikuu cha Kenya.

Hatua ya pili: uliza chuo kabla ya kuuliza kituo

Keti na mtoto muulizane anakotaka kwenda. Jibu la mtoto wa miaka kumi na minne litabadilika, lakini linatosha kuonyesha kama anahitaji sayansi tatu au la.

IGCSE peke yake kwa kawaida haimwingizi mtu katika shahada nchini Kenya. Vyuo vikuu hutaka A Level, na kiwango cha chini kinachotajwa mara nyingi ni masomo mawili ya A Level yaliyopita. Kwa diploma, IGCSE nzuri huweza kutosha. Kozi kama udaktari, uuguzi, uhandisi na sheria zina mabaraza yake ya kitaaluma yanayoangalia pia matokeo ya sekondari, kwa hiyo chuo kinaweza kukupokea halafu baraza likagoma miaka minne baadaye. Andikia afisi ya usajili ya chuo unachokilenga, iwe Maseno, Masinde Muliro, Egerton au kingine, uulize mambo mawili: masomo gani na gredi gani wanazotaka kwa mwenye vyeti vya Uingereza, na barua ya ulinganisho itoke wapi, KNEC au Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA. Uliza kwa barua pepe upate jibu la maandishi. Maneno ya simu hayana mwenyewe.

Jambo moja ambalo nalishikilia: usimwachishe mtoto Kiswahili. Mtoto wa Kisumu au Nakuru atafanya kazi Kenya, na kuna kazi na kozi zitakazomuuliza alama ya Kiswahili. Cambridge na Pearson zote zina mtihani wa Kiswahili katika ngazi ya IGCSE. Mwulize msimamizi wa kituo kama unaweza kuingizwa katika msimu unaoutaka.

Hatua ya tatu: chagua karatasi, si somo tu

Hapa ndipo wazazi hupotea, na ndipo nitakapokaa kidogo. Somo moja la IGCSE lina karatasi kadhaa, na nyingine hazimfai mtahiniwa wa kibinafsi hata kidogo. Pakua silabasi kutoka tovuti ya bodi, ni bure. Hakikisha ni ya mwaka ambao mtoto atafanya mtihani, kwa kuwa silabasi hubadilika. Soma ukurasa unaoeleza muundo wa mtihani kabla ya kununua kitabu chochote.

Tuchukue Biolojia ya Cambridge, namba 0610. Kemia 0620 na Fizikia 0625 zina muundo huohuo. Mtoto anayelenga gredi za juu, yaani ngazi ya Extended, hufanya karatasi ya 2 ya maswali ya kuchagua, karatasi ya 4 ya nadharia, halafu achague kati ya karatasi ya 5 na ya 6. Ya 5 ni jaribio halisi la maabara. Ya 6 ni ya kuandika tu: anapewa michoro, vipimo na matokeo ya jaribio, naye anaeleza, anachora grafu, anapendekeza maboresho. Zote zina uzito sawa, asilimia 20 ya somo. Kwa mtahiniwa wa kibinafsi karatasi ya 6 ndiyo njia, kwa sababu vituo vingi havitaki kumpa mtoto wa nje nafasi ya maabara.

Usidhani ya 6 inaweza kufanywa bila kugusa chupa ya maabara. Mtoto ambaye hajawahi kuona asidi ikibadilisha rangi ya litmasi huandika majibu ya kukariri, na mtahini hulijua hilo mara moja. Suluhisho liko karibu: zungumza na mwalimu mkuu wa sekondari ya mtaani, umwombe mtoto atumie maabara siku chache za likizo ya Aprili au Agosti akiwa na fundi wa maabara, umlipe fundi huyo kwa muda wake na ununue kemikali zitakazotumika. Sekondari nyingi za Kakamega, Vihiga na Siaya zina maabara zinazokaa zimefungwa likizo nzima.

Pearson imerahisisha zaidi: sayansi zake za International GCSE hazina karatasi ya vitendo kabisa, maswali ya majaribio yamo ndani ya karatasi za nadharia. Tofauti hiyo huwa kubwa zaidi kwenye A Level. Biolojia 9700, Kemia 9701 na Fizikia 9702 za Cambridge zina karatasi ya 3, ambayo ni mtihani wa maabara usiokwepeka. Pearson, kwa A Level yake ya kimataifa, hupima ujuzi wa majaribio kwa karatasi za kuandika. Mtoto wa nyumbani anayetaka sayansi za A Level, na kituo chake hakina nafasi ya maabara, afikirie Pearson tangu mwanzo.

Katika Hisabati 0580, tangu 2025 kuna karatasi ambazo kikokotoo hakiruhusiwi: ya 1 kwa ngazi ya Core na ya 2 kwa Extended. Mtoto aliyezoea kubonyeza kikokotoo kwa kila kitu ataumia. Ujue pia kwamba ngazi ya Core huishia gredi C. Hata mtoto akipata kila swali, hapandi juu ya hapo. Mzazi anayemwingiza mtoto Core "kwa usalama" anaweza kumfungia kozi ya uhandisi bila kujua.

Kiingereza kina mitego miwili. Katika 0500, lugha ya kwanza, kuna chaguo kati ya karatasi ya 2, ambayo ni uandishi chini ya usimamizi, na mkusanyiko wa insha zilizoandikwa kwa muda mrefu mwalimu akizithibitisha. Mkusanyiko huo si wa mtahiniwa wa kibinafsi, chagua karatasi ya 2. Katika 0510, lugha ya pili, kuna kusikiliza na kuzungumza, na kuzungumza kunahitaji mtahini wa kituo aketi na mtoto na kumrekodi. Kabla ya kuchagua 0510, uliza kituo kama watafanya hivyo kwa mtoto wa nje.

Ukimaliza, andika kwenye karatasi moja: jina la somo, namba ya silabasi, karatasi atakazofanya, ngazi, na msimu. Masomo matano hadi saba yanatosha. Huna haja ya kumi. Anaweza pia kuyagawa, matatu mwezi wa Juni na mengine Novemba, jambo ambalo watoto wa shuleni hawalipati kirahisi.

Hatua ya nne: kupata kituo

Anza karibu. Nakuru kuna Greensteds, Kisumu kuna Braeburn, zote zikifundisha mtaala wa Uingereza, na miji ya Eldoret na Kericho ina shule zake za kimataifa kubwa na ndogo. Kufundisha mtaala huo si ahadi ya kupokea watahiniwa wa nje. Ni uamuzi wa kila shule, na hubadilika mwaka hadi mwaka kulingana na nafasi, walimu na tabia ya watahiniwa waliotangulia. Nairobi, British Council, shirika la Uingereza la elimu na utamaduni, imekuwa ikisajili watahiniwa wa kibinafsi kwa muda mrefu. Waulize pia kama msimu huo watakuwa na ukumbi nje ya Nairobi. Tovuti za Cambridge na Pearson zina sehemu ya kutafuta vituo kwa nchi na mji. Anzia hapo, kwa sababu shule inaweza kujitangaza kuwa ya kimataifa bila kuwa kituo.

Usimpigie mwalimu mkuu. Uliza karani au msimamizi wa mitihani, yaani mtu anayeshughulikia usajili na bodi, kwani yeye ndiye anayejua kama linawezekana. Mpigie katikati ya muhula, si wiki ya kufungua shule wala msimu wa mitihani, na uwe na ile karatasi yako mkononi. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari ya asubuhi, mwalimu. Mimi ni mzazi kutoka Mumias. Nina msichana wa miaka kumi na mitano anayesoma IGCSE, na ningependa kujua kama mnapokea watahiniwa wa kibinafsi msimu wa Mei na Juni. Ana masomo sita, yote ni karatasi za kuandika, hakuna maabara wala kazi ya mwaka. Nikutumie orodha yenye namba za silabasi kwa barua pepe?"

Sentensi ile ya "hakuna maabara wala kazi ya mwaka" hufungua milango mingi. Karani anaogopa mtahiniwa atakayemletea kazi ya ziada. Ukimwonyesha tangu mwanzo kwamba umeijua kazi yake, anakusikiliza.

Akikubali, pata kwa maandishi mambo haya: msimu na mwaka, karatasi wanazokubali kusimamia, tarehe yao ya ndani ya kufunga usajili, ada zote, nyaraka wanazotaka, mahali mtihani utakapofanyika, na nani atakayekuarifu ratiba ikibadilika. Kama una kituo cha akiba, endelea kukiweka karibu hadi malipo yapokelewe. Namjua mzazi wa Kisumu ambaye kituo kilimkubali kwa mdomo mwezi Septemba, kikamkataa Januari kwa sababu ya nafasi, naye akalazimika kumpeleka mtoto Nairobi. Karatasi ya kukubaliwa ingemsaidia, na kituo cha pili kingemwokoa zaidi.

Je, mtoto ana mahitaji maalumu, uoni hafifu, ugumu wa kusoma, mkono usioandika haraka? Liseme siku hiyohiyo ya kwanza. Muda wa ziada, maandishi makubwa au msomaji huombwa na kituo kwa bodi, kwa tarehe zinazoweza kutangulia zile za usajili, na huhitaji ripoti ya mtaalamu. Mahali pa kuanzia ni kituo cha tathmini cha elimu maalumu cha kaunti, kinachojulikana kama EARC. Ripoti ya zamani sana huweza kukataliwa.

Hatua ya tano: majina na vyeti

Fanya hili hata kabla ya kupata kituo. Jina litakaloandikwa siku ya usajili ndilo litakalotokea kwenye cheti, na kulirekebisha baadaye ni kazi ya miezi. Lifuate cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi. Huku kwetu shida hutokea sehemu tatu: jina la ubatizo lililoongezwa baada ya cheti kutolewa, jina la baba ambalo halikuandikwa kabisa, na majina kama Achieng', Akong'o au Ng'ang'a ambayo mfumo mmoja huweka ile alama na mwingine huiacha. Amua mpangilio mmoja na uutumie katika pasipoti, usajili, na maombi ya chuo. Kama cheti cha kuzaliwa kina kosa, anza marekebisho kupitia eCitizen na afisi ya usajili wa raia leo, kwani hayaishi kwa wiki moja.

Mtahiniwa wa kibinafsi huthibitishwa kwa hati yenye picha, na mtoto wa chini ya miaka 18 hana kitambulisho cha taifa. Pasipoti ndiyo suluhisho rahisi kuliko yote. Huombwa kwa eCitizen, na idara ya uhamiaji ina afisi Kisumu, Nakuru na Eldoret, kwa hiyo si lazima kwenda Nairobi.

Hatua ya sita: kalenda

Tuseme mtoto anafanya mtihani wa Mei na Juni. Cambridge hufunga usajili wa msimu huo mnamo Februari, lakini kituo hufunga mapema zaidi, mara nyingi Desemba au Januari, kwa sababu nacho kinahitaji muda wa kuingiza majina. Ukihesabu kurudi nyuma: Julai na Agosti orodha ya karatasi iwe imekamilika, Septemba na Oktoba uwe unapiga simu kwa vituo, Novemba uwe na jibu la maandishi, Desemba ulipe. Kwa msimu wa Oktoba na Novemba, usajili hufungwa mwezi wa Agosti hivi, kwa hiyo anza Februari. Baada ya tarehe ya bodi unaweza kuingia kwa kulipa ada ya kuchelewa. Baada ya hapo, hapana.

Siku chache baada ya kusajiliwa utapewa hati inayothibitisha usajili. Isome na mtoto akiwa kando yako: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba za silabasi, namba za karatasi, ngazi. Ukikuta karatasi ya 5 badala ya 6, au Core badala ya Extended, rudi kwa karani siku hiyohiyo. Kosa likigunduliwa Februari hugharimu simu moja. Likigunduliwa Mei hugharimu somo zima.

Hatua ya saba: pesa

Malipo ni ya aina mbili. Kuna ada ya bodi kwa kila somo, ambayo huhesabiwa kwa pauni na kubadilika na thamani ya shilingi, na kuna ada ya kituo kwa ukumbi, usimamizi na makaratasi. Vituo vingine hulipisha kwa somo, vingine kwa karatasi, na tofauti kati ya kituo kimoja na kingine inaweza kuwa kubwa. Omba mchanganuo ulioandikwa, uulize kama kuna ada ya kusajili mtahiniwa wa nje, na uulize kinachorudishwa mtoto akiugua. Lipa kwa akaunti ya benki au namba ya malipo ya shule yenyewe. Usitume kwa M-Pesa ya mtu binafsi hata kama anajulikana, na utunze risiti.

Kama mko familia kadhaa za Kisumu au Nakuru, nendeni pamoja. Kituo huona afadhali kupanga ukumbi kwa watoto wanane kuliko kwa mmoja.

Hatua ya nane: kumzoesha mtoto chumba cha mtihani

Mtoto wa nyumbani anaweza kuwa hodari kuliko wenzake na bado akaharibu mtihani wake wa kwanza, kwa sababu hajawahi kuandika saa mbili mfululizo akiwa na watu thelathini asiowajua, saa ukutani, na mtu anayetembea nyuma yake. Hili hufundishika. Tumia karatasi za miaka iliyopita pamoja na miongozo ya kusahihisha, vyote viko mtandaoni. Soma pia ripoti za watahini. Zinaeleza wazi makosa yaliyorudiwarudiwa, na kwangu mimi zinafaa kuliko kitabu chochote cha marudio. Kisha mpeleke nje ya nyumba: ukumbi wa kanisa, darasa la shule jirani siku ya Jumamosi, au maktaba ya umma, na Kisumu, Nakuru, Kakamega na Eldoret zote zina maktaba. Aandike kwa kalamu nyeusi, bila simu, bila chai katikati, na asimamiwe na mtu ambaye si mama wala baba yake.

Wakati huo huo azoee kuandika ndani ya nafasi iliyoachwa chini ya swali. Ni jambo dogo linalokula alama.

Hatua ya tisa: safari na siku zenyewe

Karatasi huenea kwa wiki sita au zaidi, baadhi asubuhi na nyingine alasiri. Chapa ratiba, utie alama siku za mtoto wako, uone kama kuna mbili zinazogongana. Zikigongana, kituo ndicho hupanga na kumsimamia mtoto kati ya karatasi moja na nyingine.

Bodi huweka saa maalumu ambayo watahiniwa wote wa eneo moja la dunia lazima wawe chini ya usimamizi, wakiandika au wakiwa wamezuiliwa wasiwasiliane na mtu. Cambridge huiita Key Time. Maana yake kwa mzazi wa Kisumu ni kwamba matatu iliyokwama si udhuru mdogo. Mtoto akifika baada ya saa hiyo, karatasi yake inaweza kukataliwa hata kama kituo kilimruhusu kuandika.

Kisumu hadi Nairobi ni kilomita 350 hivi, Nakuru hadi Nairobi kama 160. Mei ni mwezi wa mvua ndefu, Nyando hufurika karibu na Ahero, na barabara ya Rironi hadi Mau Summit ilianza kupanuliwa mwishoni mwa 2025. Kama kituo kiko mji mwingine, mtoto alale huko usiku wa kabla ya mtihani. Tafuta jamaa, kanisa au nyumba ya wageni iliyo umbali wa kutembea, na uende ukauone ukumbi kabla ya karatasi ya kwanza. Pakiti mfuko usiku: pasipoti, hati ya usajili, kalamu mbili nyeusi, penseli, rula, kikokotoo kisicho na kumbukumbu ya maandishi, chupa ya maji isiyo na lebo. Simu na saa ya mkononi zibaki kwako. Simu ikipatikana mfukoni mwake, hata ikiwa imezimwa, anaweza kufutiwa matokeo.

Baada ya mtihani

Matokeo ya Juni hutoka Agosti, na ya Novemba hutoka Januari. Yanapitia kituo. Ukitaka karatasi isahihishwe upya, ombi hupitia kituo pia, hulipiwa, na lina tarehe ya mwisho inayofika upesi, kwa hiyo amua ndani ya siku chache. Fanya hivyo pale ambapo mtoto yuko alama moja au mbili chini ya gredi anayoihitaji, kwani gredi inaweza pia kushuka.

Cheti chenyewe hufika kituoni miezi kadhaa baadaye, na hapo ndipo wazazi wa watahiniwa wa nje husahau. Watoto wa shule huitwa, wako hataitwa. Weka tarehe ya kupiga simu, uende mwenyewe au umtume mtu kwa barua uliyoitia sahihi pamoja na nakala ya kitambulisho chako, ukague jina kabla ya kuondoka. Usikipitishe kwenye mashine ya plastiki. Piga nakala kadhaa, zithibitishwe na wakili, halafu peleka maombi ya ulinganisho kwa KNEC au KNQA, kulingana na barua pepe uliyopata kutoka chuo.